Herufi Niliyoianzia Mkiani

Nimeona niandike, maana nimechoka kusimulia. Tangu nirudi Singida, kila anayepita kibandani kwangu huanza na salamu na kumalizia na swali lilelile: "Mama Neema, mbona umerudi mapema hivyo? Wamekufukuza?" Wengine huangalia kwanza miguu yangu, waone kama nimerudi na viatu vipya. Sijafukuzwa. Someni wenyewe, kisha mniache nifanye kazi.

Kwa asiyenijua, mimi ni mchora mabango. Nusu ya saluni na bucha za mji huu zimeandikwa na mkono wangu. Siku hizi watu wanapeleka majina yao kwenye mashine, jioni wanachukua turubai lenye picha ya kuku anayecheka, na mimi nimebaki kuandika "Usikojoe hapa" kwenye kuta za watu.

Mwanangu Neema yuko Dubai mwaka wa nne sasa, anahudumia wateja katika duka la chai la Mchina mmoja kule Al Mankhool. Duka lilikuwa linahamia jengo jingine, dogo zaidi, na madam wake alishasema kwamba katika wafanyakazi watano atabaki na watatu. Siku moja madam akalalamika kwamba mama yake mzazi anataka herufi moja ya Kichina iandikwe kwa mkono kwenye ukuta wa duka jipya, ya mashine hataki hata kuiona. Neema, ambaye alikuwa tayari amepanga nije kumtembelea, akajibu bila hata kumeza mate: "Mama yangu anaweza herufi yoyote." Madam akasema sawa, aje. Ila akiniharibia ukuta, wewe usijihesabu kwenye duka jipya.

Hivyo ndivyo mwanangu alivyojipalia makaa, na mimi nikaitwa kuja kuyazima. Mambo ya karatasi na tiketi nayaruka, hayana utamu.

Singida hadi Dar es Salaam

Nilitoka na kuku wawili wa kukaanga, chupa ya mafuta ya alizeti, na brashi zangu nane nimezifunga ndani ya kitenge. Basi hadi Dodoma halikuwa na neno. Tabu ilianza kwenye treni ya umeme, hiyo mnayoisifia kwa mbio. Ilisimama katikati ya pori, tukakaa saa nzima na ushee tukitazamana.

Kukaa bure siwezi. Nikatoa karatasi yenye ile herufi, niliyochapisha kutoka picha aliyonitumia Neema, nikaanza kuifuata kwa kidole. Iko hivi: 行. Ni mistari sita. Upande wa kushoto miwili inateleza na mmoja umesimama chini yake. Upande wa kulia miwili imelala, na mmoja umesimama ukiwa na kidoano chini, kama ndoana.

"Hiyo nyumba hiyo," akasema baba mmoja wa kiti cha mbele, ambaye hakuna aliyemuuliza. "Ona nguzo."

"Nyumba gani haina paa upande mmoja?" mama wa dirishani akamkatiza. "Huyo ni mtu na mkewe. Wamenuniana, kila mmoja kaangalia kwake."

Behewa zima likacheka. Yule baba akaniuliza inasomwaje, nikasema sijui. "Fundi gani anaandika asichoweza kukisoma?" Nikamjibu kwamba geti la madrasa ya kwetu niliandika Kiarabu bila kujua alifu wala be, na sheikh alifurahi mpaka akanipa mbuzi. Akarudi kutazama mbele. Mimi nikajiona nimeshinda, na huo ndio ujinga niliosafiri nao.

Uwanja wa ndege

Ndege ilichelewa saa tano. Mkaguzi alifungua begi langu, akapitia brashi moja moja, kisha akafika kwenye karatasi yenye mafuta niliyowafungia kuku.

"Kuku wa Singida huyu, mama?"

"Ndiye mwenyewe."

Akavuta pumzi ndefu, akafunga begi taratibu. "Pita, mama, kabla sijasahau kazi yangu."

Ndani ya ndege, pembeni yangu alikaa binti wa Tabora anayekwenda kufanya kazi za ndani. Alilia kimya saa mbili nzima. Nikamkatia paja la kuku. Alikula akilia, halafu akala bila kulia, halafu akaniuliza kama kuna jingine.

Discovery Gardens

Neema alinipokea uwanjani Dubai, tukakumbatiana mpaka watu wakatupita kwa pembeni. Amekonda. Nilimwambia palepale, na yeye akaniambia nimenenepa, tukawa sawa.

Anaishi Discovery Gardens katika chumba kimoja na wenzake watatu, kila kitanda kina pazia lake. Wanjiku, Mkenya wa Nyahururu anayefanya kazi ya ulinzi, alinipa kitanda chake cha chini.

"Mum, wewe lala hapa. Mimi wiki hii niko night shift, hiyo bed haina mtu. Jisikie home kabisa."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kuku aliyebaki alikwisha kabla sijavua viatu. Nikasonga ugali wa kumalizia, Wanjiku akaubonyeza kwa kidole. "Hii ni ugali ama ni uji imechoka?" Nikamwambia wa kwao unafaa kujengea. Tulielewana tangu saa hiyo.

Wenzake walipoondoka, Neema akasogea karibu. "Mama, nimekuponza. Nikikosa hiyo nafasi, visa yangu inakwisha na sina pa kwenda ila nyumbani. Na Furaha yuko kidato cha tatu." Furaha ni mdogo wake, Neema ndiye anayemsomesha. Nikamwambia herufi haijawahi kunishinda. Nililala usingizi mzito.

Al Mankhool, mara ya kwanza

Duka jipya liko kwenye mtaa wa hoteli ndogondogo na maduka ya simu, na lilikuwa bado linanuka saruji. Madam ni mwanamke mwembamba mwenye haraka. Anazungumza na Neema Kiingereza cha kazini chenye yalla na khalas, "haraka" na "basi" za Kiarabu, ndani yake, na Neema akawa ananitafsiria. Mama yake ni bikizee wa themanini na kitu, na wote dukani wanamwita Popo. Nilimtazama Neema kwa jicho kali, nikidhani wamempa mzazi wa watu jina la mnyama wa darini. Kumbe kwa lugha yao ni bibi, mama wa mama.

Madam akanifundisha kuisoma. Ikiwa ni kutembea au kusafiri, unasema shing, sauti ikipanda kama unauliza. Ikiwa ni kukubali, kwamba sawa, inawezekana, ni shing hiyohiyo. Ikiwa ni safu, au nyumba ya biashara, unasema hang. Popo kutoka kwenye kiti chake akatoa mlio wa dharau puani. "Haang," akasema. "Hong." Madam akacheka, akaeleza kwamba kwa lugha ya nyumbani kwao, kusini, kutembea ni haang na nyumba ya biashara ni hong. Nikahesabu mistari sita, matamshi manne. Zamani sana, akaongeza, herufi ilikuwa picha ya njia panda tu. Kisha watu wakaitumia kwa wanaopita njiani, kisha kwa matendo ya mtu, jinsi anavyojiendesha. Hilo halikunishangaza. Sisi nasi kutoka kwenye kwenda tumepata mwenendo.

Marehemu mume wa Popo alikuwa na nyumba ya chai kwao, na aliiandika herufi hii ukutani kwa mkono wake. Ukuta ule ulibomolewa. Popo angeiandika upya mwenyewe, lakini mkono wake wa kulia haupandi tena juu ya bega.

Madam akanipa ubao nijaribu kwanza. Nilifanya kazi siku moja na nusu, na nilifanya kama tunavyofanya sisi. Nikapiga mistari ya chaki kwa uzi, nikagawa miraba, nikapima ile karatasi kwa rula, nikachora kingo zote kwa penseli. Kisha nikaanza kujaza rangi kuanzia kile kidoano cha chini kulia, maana pale ndipo rangi hulala nzito na kuchelewa kukauka. Nikapanda juu, nikamalizia kushoto. Nikarudia mara ya pili, na mara ya tatu nikanyoosha kingo kwa brashi nyembamba. Nilipomaliza, hata mashine ingeona wivu.

"Same-same!" madam akapiga makofi. Neema akaniminya mkono.

Popo akaja taratibu, akasogeza uso mpaka karibu na rangi, akauliza kitu, na madam akamgeuzia Neema kwa Kiingereza.

"Anauliza ulianzia wapi," Neema akasema.

Nikaonyesha kidoano, kwa fahari. Popo akafumba macho. Akauliza tena, kama nilirudia juu yake. Nikainua vidole vitatu, maana kwetu fundi anayepaka mara moja ni mwizi. Popo akatikisa kichwa, akasema maneno machache, akarudi kukaa.

Madam akamweleza Neema, na Neema hakutaka kunitafsiria. Nikamkazia macho.

"Anasema umeichora vizuri sana, Mama. Lakini hujaiandika. Kila mstari una zamu yake, unaanza juu kushoto, na mkono ukishapita haurudi. Anasema anaona rangi, haoni mtu."

Madam alikuwa tayari anatafuta namba kwenye simu. "Khalas. Ijumaa atakuja mtu wa mashine."

Nilikasirika, nisiwafiche. Miaka yote hii, nifundishwe pa kuanzia? Hasira ilipopoa nikabaki na aibu, ambayo ni mbaya zaidi, kwa sababu bikizee alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimefanya kazi ileile ya mashine, tena polepole. Njia nzima Neema hakunilaumu. "Si kosa lako, Mama. Mimi ndiye niliyesema." Bora angenitukana.

Rashidiya, bila kukusudia

Asubuhi iliyofuata, Neema alipokwishatangulia kazini, nikaamua kwenda mwenyewe kwa Popo. Wanjiku, akiwa ametoka zamu na macho mekundu, alinipeleka hadi kituo cha treni na kunihesabia vituo. "Usichanganyikiwe, Mum. Ukiona umezidi, shuka."

Nikaingia behewa la wanawake, nikaanza kuandika ile herufi gotini kwa kidole. Juu kushoto, unateleza. Wa pili, unateleza zaidi. Nikakosea, nikaanza upya. Njaa ikaniuma, nikatoa yai la kuchemsha, nikaligonga kwenye goti.

"Lirejeshe hilo yai," sauti ikaniambia kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka. "Humu haliliwi kitu, watakutoza faini."

Nikageuka nikamkuta bibi mmoja mwenye abaya nyeusi na miwani. Nikamwamkia shikamoo bila kufikiri, naye akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyekuwa akiingoja. Familia yake iliondoka Unguja yeye akiwa mtoto mdogo.

"Wenda wapi, mwanangu?"

"Mankhool."

"Mankhool! Ushaipita kitambo. Huku ni Rashidiya, ndiyo mwisho wa reli."

Nikamweleza yote, kuanzia kidoano. Hakucheka. Alinishika mkono, akanivusha hadi treni ya kurudi, ingawa nyumba yake iko hapohapo Rashidiya. Akapanda nami vituo viwili kuhakikisha siendi kombo tena.

"Sasa wewe chakuuma nini?" akaniuliza. "Kwamba bibi wa watu kakukosoa, au kwamba mwanao atakosa kazi?"

"Mwanangu."

"Basi muombe akufunze. Kuuliza si ujinga."

Akashuka. Jina lake sikuuliza, na hilo linanisikitisha mpaka leo.

Al Mankhool, mara ya pili

Nilifika mchana, jasho limenilowanisha. Popo alikuwa nyuma ya duka, kwenye kichochoro chenye vigae na kivuli cha jengo. Nilitoa brashi yangu kubwa, nikampa kwa mikono miwili, na nikapiga goti kama ninavyompa mkubwa wangu nyumbani. Popo akaipokea. Kisha akaingia ndani, akarudi na ndoo ya maji.

Akachovya brashi, akainama, akaandika juu ya vigae kwa maji matupu. Mistari sita, bila kusita, kila mmoja na mwendo wake. Nikaona kitu kinatembea pale. Ila hili ni joto la Dubai, alipofika mstari wa sita, wa kwanza ulishakauka. Akanipa brashi.

Niliandika. Mstari wa kwanza ulikuwa mnene sana, nikarudi kuupunguza, nikakuta vigae vikavu. Hapakuwa na kitu cha kurekebisha. Nikaandika tena. Popo akawa anagonga kisigino kwa kila mstari, na nikikosea zamu ananipiga kofi dogo la mgongoni. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema, na mimi nimeshakuwa ng'onda, samaki mkavu, lakini yule bikizee alinikunja. Mara mia, mara mia mbili, sikuhesabu. Kila ilipomalizika alitamka, "Haang," na mimi nikaitikia, "Haang." Akanielekezea kidole kifuani, akingoja. Nikaelewa anataka ya kwetu.

"Tembea," nikasema.

"Tem-be-a." Akacheka, akatembea hatua tatu kunionyesha, mkono mmoja kiunoni.

Neema alikuja na chai akatukuta hivyo, wazee wawili tumelowa mpaka magotini. Akasimama mlangoni na sinia. "Mama, madam anauliza amwite mtu wa mashine au asimwite." Kabla sijajibu, Popo, aliyelitambua neno mashine, alishadakia kwa Kichina, kwa ukali, na Neema akafunga mlango upesi.

Ukuta

Ijumaa saa nne asubuhi. Madam na simu mkononi, Neema karibu na mlango, wenzake wawili wanajifanya wanapanga vikombe. Ukuta mweupe, mpana kuliko mlango wa kanisa. Sikupiga chaki wala penseli, na mikono mitupu hivyo nilijiona kama niko uchi.

Nikavuta pumzi. Mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu ukashuka vizuri mpaka nikasikia raha. Wa nne mfupi. Wa tano ndio mrefu, ule uliolala, na katikati yake brashi ikaanza kuishiwa rangi. Mkia wa mstari ukatoka na michirizi myeupe, nywele za brashi zinaonekana moja moja. Kwetu huo ni uchafu, unajazia haraka kabla mwenye duka hajaona. Mkono wangu ulishaanza kurudi. Nikaulazimisha. Nikachovya, nikashusha wa sita, nikapiga kidoano, nikainua brashi.

Nikarudi nyuma hatua mbili.

Madam akasogea, akaonyesha ile michirizi. "Hapa bado. Malizia hapa, please."

Neema alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia meza kwa mikono yote miwili, amekikunja mpaka kimekuwa kamba. Ndipo Popo akanyanyuka. Akanipokonya kopo la rangi, akalifunika, akaliweka chini, akalikalia. Akakaa pale juu ya kopo, mgongo umenyooka, akiitazama ile michirizi kama mtu anayemtazama mgeni aliyechelewa kufika. Machozi yakamtoka na hakuyafuta.

Madam akamtazama mama yake, akatazama ukuta, kisha akazima simu. Akamtia Neema kitu kiganjani na kumwambia jambo kwa sauti ya chini, kwa mara ya kwanza bila haraka.

"Anasemaje?" nikauliza.

Neema akanisogelea. Akafungua kiganja, na ndani mlikuwa na ufunguo mpya wa mlango wa duka.

Kurudi

Nilikaa wiki moja nyingine, nikala tambi za Popo ambazo ni ndefu kuliko mazungumzo ya baraza, nikamfundisha Wanjiku ugali laini na yeye akakataa kufundishika. Siku ya kuondoka niliamka nikakuta begi limeshafungwa na kitanda cha Neema hakina mtu. Aliacha ujumbe kwenye simu, "Mama nisamehe, leo ni zamu yangu kufungua, siwezi kukusindikiza."

Nilikwenda uwanjani peke yangu. Kwenye foleni watu walikuwa wanaagwa, wanashikana shingo, wengine wanalia kwa sauti. Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma yangu aliniona nimesimama na begi langu bila mtu pembeni, akaniuliza kwa huruma kama sina ndugu huku.

"Ninaye," nikamwambia. "Yuko kazini."